André Bazin: Mwalimu wa Usiku Aliyewafunza Wafanyakazi Kuona

Waswahili tuna maneno mawili ambayo wengi hudhani ni mamoja: kutazama na kuona. Mtu aweza kuutazama mwezi asiuone. Vivyo hivyo aweza kukaa senema saa mbili nzima, akacheka na waliocheka, akalia na waliolia, kisha akatoka mlangoni asijue ni kitu gani kilichomchekesha wala kilichomliza. Katika karne iliyopita palikuwa na mtu mmoja huko Ufaransa, jina lake André Bazin, ambaye umri wake wote, nao haukuwa mrefu, aliutoa katika kazi ya kuwavusha watu wazima kutoka katika kutazama hadi katika kuona.

Bazin hakuwa mtengenezaji wa filamu, wala hakuwa mwigizaji, wala hakuwa tajiri wa majumba ya senema. Alikuwa mwalimu, na darasa lake kubwa lilikuwa la jioni, baada ya watu kutoka kazini. Wajuzi wa filamu duniani humtaja hadi leo kwa ajili ya vitabu vyake, na wana haki. Lakini kabla ya vitabu palikuwa na ukumbi wa chama cha wafanyakazi, viti vya mbao, mashine ya kuonyeshea picha iliyokuwa ikinguruma kama cherehani, na kijana mwembamba aliyesimama mbele ya watu kuwauliza wameona nini. Huyo ndiye Bazin tunayetaka kumweleza leo.

ULIMI ULIOFUNGWA FUNDO

Alizaliwa tarehe 18 Aprili 1918 katika mji wa Angers, akakulia La Rochelle, mji wa bandari ulio katika pwani ya magharibi ya Ufaransa. Wazazi wake hawakuwa watu wa makuu. Walikuwa Wakatoliki, na yeye mwenyewe alibaki na dini yake. Tangu utotoni alipenda mambo matatu: kusoma, wanyama, na kufundisha. Akaishika njia ya ualimu hatua kwa hatua, hata mwaka 1938 akaingia Saint-Cloud, chuo kikubwa cha kuwatayarishia walimu.

Mwaka 1939 vita vikazuka, naye akaitwa jeshini. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940 alirudi masomoni, na hapo ndipo alipokutana na pigo lililoyageuza maisha yake. Bazin alikuwa na kigugumizi. Kalamu haikumshinda, bali mtihani wa kusema mbele ya wakaguzi ulimkwaza, na mwaka 1941 akaambiwa kwamba hafai kusomesha katika shule za serikali. Kwa mtu ambaye hakuwahi kutaka kazi nyingine ila ualimu, hiyo ilikuwa kama baharia kuambiwa asikanyage tena chombo.

Sisi tuliopitia vyuoni twazijua habari za Nabii Musa, alayhi salaam, alivyomwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi wake, naye nduguye Harun akafanywa msaidizi wake. Mwenye kigugumizi si lazima awe mtu asiye na ujumbe. Bazin naye alikuwa na ujumbe, na alilokosa ni mahali pa kuutolea. Mahali hapo hapakuwa shule, palikuwa gizani mbele ya pazia jeupe.

Wakati huo Paris ilikuwa chini ya Wajerumani. Filamu za Kimarekani na za Kiingereza zilikuwa zimepigwa marufuku, na watu walijaa katika majumba ya senema kwa kutafuta joto na kusahau dhiki zao. Palikuwa na nyumba moja iliyoitwa Maison des Lettres, iliyofunguliwa ili vijana wa masomo waliotupwa huku na huku na vita wapate pa kukutania. Hapo Bazin alianzisha klabu ya filamu katika majira ya baridi ya mwaka 1942. Walionyesha filamu kongwe, nyingi za zama zile ambazo picha hazikuwa na sauti, kisha wakazizungumza. Kigugumizi hakikumwacha, lakini hakikumzuia tena. Watu walingoja neno litoke, kwa sababu walijua kwamba likitoka litakuwa na maana.

DARSA BAADA YA KAZI

Paris ilikombolewa mwezi wa Agosti 1944, na mwaka huo huo kikaanzishwa chama kilichoitwa Travail et Culture, yaani Kazi na Utamaduni. Ili tufahamu shabaha ya chama hicho, yafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa walikuwa wamepata haki mbili kubwa: wiki ya kazi ya saa 40 na likizo ya majuma mawili yenye mshahara. Kwa mara ya kwanza mtu wa kiwandani alikuwa na wakati ulio wake. Swali likawa, wakati huo autumie vipi? Je, michezo ya kuigiza, muziki na vitabu vibaki kuwa mali ya waliosoma na wenye nguo nzuri? Waliotoka katika vita walijibu la. Wakaazimia kumpelekea mfanyakazi elimu ya mambo hayo huko huko aliko, na saa ile anayokuwa na nafasi.

Bazin alikabidhiwa idara ya filamu. Kwa miaka kadhaa hakuwa na jioni ya kupumzika. Leo yuko kiwandani, kesho katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi, keshokutwa shuleni au katika mji mdogo wa mbali, amebeba makopo ya filamu. Mpango wa jioni ulikuwa mmoja. Kwanza husema maneno machache ya kuijulisha filamu: nani aliyeitengeneza, mwaka gani, na katika hali gani. Kisha taa huzimwa na filamu ikaonyeshwa yote. Mwisho taa huwashwa, na hapo ndipo kazi yenyewe huanza, kwa maswali na majibu.

Msomaji aliyewahi kukaa katika darsa baada ya sala ya Isha ataifahamu njia hii bila ya kufafanuliwa. Sheikh husoma kipande, akasimama, akafasiri, akauliza, na mchukuzi wa bandarini aliye nyuma karibu na nguzo aweza kuuliza swali ambalo hata mwanafunzi wa miaka mingi hakulifikiria. Darsa haina mtihani wala cheti. Mtu huja kwa sababu ataka kujua. Huko Ufaransa, elimu ya ngumbaru ya Bazin ilikuwa na sura hiyo hiyo.

Filamu aliyoipenda sana kwa masomo hayo ilikuwa Le Jour se lève, ya mwaka 1939, iliyotengenezwa na Marcel Carné na kuigizwa na Jean Gabin. Ni kisa cha mfanyakazi wa kiwandani aliyemuua mtu, kisha akajifungia chumbani mwake katika ghorofa ya juu kabisa, huku polisi wamelizunguka jengo. Usiku kucha akumbuka mambo yaliyomfikisha hapo, na alfajiri ajiua. Wafanyakazi waliokuja kumsikiliza Bazin walikijua chumba kama kile, maana wengi wao walilala katika vyumba kama hivyo.

Bazin hakuwauliza kama filamu ni nzuri au mbaya. Aliwauliza swali dogo: mle chumbani mlikuwa na vitu gani? Watu wakaanza kuvitaja. Kabati, kwa sababu yule mtu alilisukuma likazuia mlango. Kioo. Mwanasesere wa dubu. Saa ya kuamshia, ambayo mwishoni yalia ilhali anayeamshwa amekwisha kufa. Sigara, ambazo alikuwa akiwasha moja kwa nyingine kwa kuwa hakuwa na kibiriti. Kidogo kidogo wakagundua kwamba vile walivyovikumbuka ni vile vilivyopewa kazi katika kisa, na kwamba kila kimoja kilikuwa kimewekwa pale na mtu aliyejua anataka nini. Mtu aliyeingia akidhani kwamba filamu hujitokea tu kama mvua, alitoka akijua kwamba ni kazi ya mikono, kama jahazi au mlango wa nakshi, yenye fundi wake na vipimo vyake. Na fundi wa kiwandani alipokwisha kutambua kwamba yule naye ni fundi, hakuwa na woga tena wa kumsifu wala wa kumkosoa.

Kazi hii haikupendwa na wote. Wasomi wengi waliiona senema kuwa ni upuuzi wa gulioni usiostahili kuzungumzwa na watu wazima. Wakubwa wengine wa siasa waliitaka iwe tarumbeta ya chama chao. Wenye majumba ya senema walitaka tikiti tu. Bazin alisimama katikati, akisema kwamba maadamu watu wa kawaida waipenda senema kuliko sanaa nyingine yoyote, basi kuwaacha bila ya elimu yake ni kuwaacha wachezewe.

PICHA NA KIVULI

Jambo hili la picha lina uzito kwetu Waislamu, na Bazin ana la kusema humo. Mwaka 1945 alitoa makala kuhusu asili ya picha. Alianza na Wamisri wa kale waliohifadhi maiti ili kuuzuia wakati usiharibu mwili. Akasema kwamba nyuma ya kila mchoro na kila sanamu mna tamaa hiyo hiyo ya kushindana na mauti. Lakini akaitenga picha ya kamera. Mchoraji huumba sura kutoka kichwani mwake kwa mkono wake, ilhali picha ya kamera hufanywa na nuru yenyewe iliyotoka katika kitu. Kwa hiyo si mfano tu wa kitu, bali ni athari yake, kama alama ya kidole.

Msomaji mwenye kufuatilia mijadala ya ulamaa atashtuka kidogo, maana neno linalokaribiana na hilo lilikwisha kusemwa Misri. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala kuhusu picha za kamera, na hoja yake ilikuwa kwamba picha hiyo si kuumba bali ni kukizuia kivuli kwa chombo maalumu, na kwa hivyo haimo katika makatazo ya kutengeneza sura. Wako maulamaa waliomkubali na wako waliompinga, na wenye elimu wapo wa kuulizwa. Wala sisemi kwamba Bazin alimsoma sheikh huyo. Nasema tu kwamba watu wawili, mmoja wa Azhar na mmoja wa Paris, waliliangalia jambo jipya kwa makini badala ya kulikimbia, na wakafika mahali panapokaribiana.

Bazin aliitoa katika hoja hiyo hukumu ya adabu. Ikiwa picha ni athari ya kitu cha kweli, basi mwenye kutengeneza filamu amebeba amana, naye asiikatekate hata ikasema uwongo. Alizipenda filamu zinazomwachia mtazamaji nafasi ya kuangalia na kuamua mwenyewe. Kwa sababu hiyo aliitetea Citizen Kane ya Orson Welles ilipofika Paris mwaka 1946, wakati ambapo mwanafalsafa mkubwa Jean-Paul Sartre alikuwa amekwisha kuikosoa. Katika filamu hiyo walio karibu na walio mbali huonekana sawasawa, na jicho huchagua.

Kwa sababu hiyo hiyo aliipenda Ladri di biciclette ya Mtaliani Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Kisa chake ni chepesi hata mtoto aweza kukisimulia: maskini apata kazi ya kubandika matangazo kwa sharti awe na baiskeli, siku ya kwanza baiskeli yaibwa, naye azunguka Roma yote na mwanawe mdogo akiitafuta. Aliyeigiza baba huyo, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kweli. Bazin alionyesha kwamba ndani ya kisa hicho cha baiskeli mlikuwa na hukumu nzito juu ya mji mzima, bila ya hotuba hata moja.

Filamu hiyo hiyo ilimpata kijana wa Kihindi huko London mwaka 1950, naye akaazimia kutengeneza filamu kwa mtindo huo. Alikuwa Satyajit Ray, ambaye mwaka 1947 yeye na wenzake walikuwa wameanzisha chama cha senema mjini Calcutta. Mwaka 1955 akatoa Pather Panchali. Kwa hiyo vyama hivi vya jioni, vilivyoonekana kama mchezo wa watu wachache, vilizaa mambo mengi.

MTOTO ALIYEOKOLEWA NA SENEMA

Mwishoni mwa mwaka 1948 kijana wa miaka 16 alimwendea Bazin kwa malalamiko. Jina lake François Truffaut. Alikuwa ameacha shule akiwa na miaka 14, akaanzisha klabu yake ya filamu, na klabu ya Bazin ilikuwa ikimchukulia watazamaji kwa sababu zote mbili zilifanya maonyesho wakati mmoja. Alikuja kumtaka mkubwa huyo abadilishe saa zake. Mwingine angemfukuza. Bazin alikaa naye wakazungumza juu ya filamu.

Haikupita muda klabu ya kijana ikamtia katika madeni, na baba aliyemlea akampeleka polisi mwenyewe. Truffaut akawekwa katika kituo cha watoto watukutu huko Villejuif. Ni Bazin aliyekwenda kumdhamini, na alipotoka mwaka 1949 akampa kazi katika Travail et Culture. Kijana akajiunga na jeshi, akatoroka, akafungwa. Bazin akahangaika tena na barua na safari mpaka akaachiliwa mwaka 1952. Safari hii alimchukua nyumbani kwake Bry-sur-Marne, kando ya Paris, akaishi naye pamoja na mkewe Janine na mtoto wao mdogo. Hapo Truffaut alijifunza kuandika.

Kuwafunza watu mia ukumbini ni jambo kubwa, lakini kumfungulia mlango wa nyumba yako mtoto aliyetoka gerezani ni kubwa zaidi.

UGOMVI NA MARADHI

Mwaka 1950 ulikuwa mgumu. Katika jarida la Esprit Bazin aliandika kuhusu filamu za Kirusi zilizokuwa zikimtukuza Stalin, akaonyesha jinsi zilivyomfanya mtu aliye hai kuwa kama asiyekosea wala asiyekufa. Stalin wakati huo alikuwa madarakani, na Wakomunisti walikuwa na nguvu katika vyama vya wafanyakazi vya Ufaransa. Bazin alishambuliwa vikali na watu waliokuwa wenzake wa jana. Hakuirudisha kalamu yake nyuma, wala hakugeuka akawa adui wa wafanyakazi ili kuwafurahisha matajiri. Ni wachache wawezao kutukanwa na rafiki zao na wasihamie kwa mahasimu.

Mwaka huo huo akashikwa na kifua kikuu. Zile safari za usiku zikamshinda, na ukumbi wake ukawa karatasi. Mwezi wa Aprili 1951, yeye na Jacques Doniol-Valcroze na Lo Duca wakatoa toleo la kwanza la jarida la Cahiers du cinéma, nalo likawa baraza la vijana wakali kama Truffaut, Jean-Luc Godard, Éric Rohmer na Claude Chabrol. Bazin alibishana nao mara kwa mara, na aliwachapishia hata yale asiyoyakubali.

Mwaka 1954 madaktari wakamgundua na saratani ya damu. Aliishi nayo miaka minne, akiandika karibu kila siku: juu ya filamu, juu ya televisheni, hata juu ya kasuku wake aliyemtoa Brazil, ambaye masumbuko ya kumleta Ufaransa yalimpa kisa cha kuchekesha. Waandishi waliokusanya maandiko yake baadaye wamehesabu makala zaidi ya 2,600. Mwishoni alikuwa akitamani kutengeneza filamu yake mwenyewe, ya makanisa ya kale ya Saintonge, karibu na alikokulia. Hakuiwahi.

Tarehe 10 Novemba 1958 Truffaut alianza kupiga picha za filamu yake ndefu ya kwanza, Les Quatre Cents Coups, kisa cha mtoto asiyetakiwa na nyumba wala shule. Jioni alikwenda kumtazama mlezi wake. Bazin alifariki usiku wa kuamkia tarehe 11, akiwa na umri wa miaka 40. Filamu hiyo, aliyotunukiwa yeye, ilimpatia Truffaut tuzo ya mwongozaji bora huko Cannes mwezi wa Mei 1959. Maandiko makuu ya Bazin yalitolewa katika juzuu nne kati ya 1958 na 1962, naye mwenyewe hakuyaona mengi ya hayo yakiwa kitabu.

SISI NA MACHO YETU

Watu wa pwani hatukuwa wageni wa senema. Wazee wetu walijaa Regal na Naaz hapa Mombasa, wakazijua nyimbo za Kihindi kwa moyo bila ya kuijua lugha. Leo kila kijana ana senema mfukoni mwake, na huitazama chumbani peke yake hadi usiku wa manane. Wazee tumegawanyika makundi mawili: wenye kukataza, na wenye kunyamaza. Anayekatazwa hutazama kwa siri, na anayenyamaziwa hutazama ovyo.

Bazin alikuwa na njia ya tatu, na haina gharama. Alikaa na watu, akatazama pamoja nao, kisha akawauliza wameona nini. Ni nani aliyewekwa katika filamu hii kuwa mwema, na ni nani aliyefanywa mwovu, na kwa nini mwovu huyo kila mara huvishwa kilemba? Nani alipe, nani afaidi? Mzee au mwalimu mmoja, ukumbi mmoja na jioni moja kwa juma vyatosha kuanzia. Kijana aliyekwisha kufunzwa kuuliza maswali hayo hataibiwa akili kwa urahisi, hata akiwa peke yake na taa imezimwa.

Macho hayana pazia, wahenga walisema. Kwa kuwa hatuwezi kuyafunika, hatuna budi kuyasomesha.